Je, Ni Halali Kucheza Vita?



Mhariri wa gazeti letu la parishi ameniomba niandike juu ya jambo lililotugawa mwaka huu, nalo ni ile michezo ya video ambayo watoto wetu huicheza katika kibanda kilichopo sokoni, na sasa hata majumbani mwetu. Nimekuwa mwalimu kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliitumia katika chuo cha ualimu, nikiwafundisha wale ambao nao walikwenda kuwafundisha watoto. Kwa sababu hiyo watu hudhani kwamba kila swali la malezi nina jibu lake mfukoni. Nakiri mbele yenu kwamba jibu nililokuwa nalo mwezi wa Januari silo nililo nalo leo. Napenda kuwaeleza jinsi lilivyobadilika, ili kila mmoja apime mwenyewe.

Wengi mnakumbuka kwamba wazazi kadhaa walileta malalamiko mbele ya wazee wa kanisa. Walisema kwamba mtoto akitumwa mashineni kusaga unga hurudi jioni, na chenji haionekani, kwani imeishia kibandani, shilingi 200 kwa kila zamu. Walisema pia kwamba huko watoto wanajifunza kuua. Ikapendekezwa kwamba mtoto yeyote atakayeonekana akicheza michezo ya bunduki asipokewe katika darasa la kipaimara. Mimi nilikuwa miongoni mwa walioliunga mkono pendekezo hilo, tena kwa sauti kubwa. Nilisimama nikasema kwamba sisi tuliozaliwa kando ya mto Kagera hatuna ruhusa ya kufanya vita kuwa mchezo. Watu wakapiga makofi, nami nikaenda zangu nyumbani nimeridhika sana na nafsi yangu.

Nilipofungua mlango nilimkuta mjukuu wangu, ambaye anakaa nami na anasoma darasa la saba, ameunganisha kisanduku kidogo na televisheni yangu. Baba yake alikuwa amemtumia zawadi hiyo kutoka Mwanza bila ya kuniuliza. Alikuwa ameketi mkekani na mtoto wa jirani, kila mmoja na pedi yake mkononi, na wote wawili wanamimina risasi. Na mjukuu wangu huyo, ndugu zangu, ni mmoja wa watoto walioandikishwa kwa kipaimara.

Nilinyanyua mkono ili ning'oe waya. Lakini nikakumbuka jambo moja nililokuwa nikiwaambia wanachuo wangu kila mwaka, kwamba mwalimu hasahihishi karatasi ambayo hajaisoma. Nilikuwa nimetoa hukumu mbele ya kanisa juu ya kitu ambacho sikuwahi kukitazama hata kwa dakika moja. Basi nikaketi. Mtoto wa jirani akanipa pedi yake kwa adabu, akaniambia, "Karibu babu, wewe utakuwa yule wa pili."

Mchezo huo unaitwa Contra. Si mpya. Uliundwa na kampuni ya Konami ya Japani mwaka 1987 kwa ajili ya mashine kubwa za kumbi za michezo, na mwaka 1988 ukatolewa kwa mashine za nyumbani. Baadaye mashine za bei nafuu za kuigiza zilisambaa katika masoko ya dunia nzima, yakiwemo ya kwetu Afrika Mashariki, na mchezo huu ukiwa ndani yake. Jambo hilo lilinishangaza, kwani nilidhani tunapigana na jambo la juzi, kumbe wapo wazazi katika parishi hii waliolicheza walipokuwa vijana mjini, nao walikaa kimya siku ile tulipopiga makofi.

Habari yenyewe ni nyepesi. Wapo askari wawili wanaokwenda pamoja kupigana na jeshi la viumbe waliotoka nje ya dunia. Mchezaji mmoja humwongoza askari mmoja, na mwenzake humwongoza wa pili. Unakimbia, unaruka, unalala chini, unapiga risasi. Risasi moja tu ya adui ikikugusa, umekufa. Kila mchezaji hupewa maisha matatu, yakiisha basi. Mimi maisha yangu matatu yaliisha kabla sijajua kitufe kipi ni cha kuruka. Watoto walicheka, lakini si kwa dharau. Wakanionyesha tena.

Nilicheza siku ile, nikacheza na kesho yake, na kwa muda wa wiki mbili nilikuwa mwanafunzi wa mtoto wa darasa la saba. Ningependa kuwaeleza mambo matatu niliyoyaona, kwa sababu juu ya hayo ndipo nilipoijenga hoja yangu.

Jambo la kwanza ni silaha. Katika safari yao askari hao huanza na bunduki hafifu, lakini hupita angani vifuko vyenye herufi, na anayekipiga kifuko na kuiokota herufi iliyoanguka hupata bunduki bora zaidi. Herufi S ndiyo inayopendwa, kwa sababu risasi zake hutawanyika kama kipepeo anayefungua mabawa. Herufi huwa ni moja na wachezaji ni wawili. Akiichukua huyu, yule ameikosa. Na ukiuawa, bunduki yako nzuri hupotea. Niliona watoto wakigombana juu ya herufi S kuliko wanavyogombana juu ya nyama. Lakini niliona pia mjukuu wangu akisimama kando na kumwambia mwenzake, "Chukua wewe, mimi bado ninayo." Hakuna aliyemfundisha neno hilo siku ile. Mchezo wenyewe ulimfundisha, kwani mwenzake mwenye bunduki hafifu akifa, yeye atabaki peke yake mbele ya jeshi zima.

Jambo la pili ni risasi za rafiki. Katika mchezo huu, risasi yako hata ikimpita mwenzako mwilini haimdhuru. Mjukuu wangu aliniambia kwamba si michezo yote iliyo hivyo. Upo mchezo mpya zaidi, uliotengenezwa na kampuni moja ya Sweden na kutolewa mwezi wa Februari mwaka 2024, unaoitwa Helldivers 2, ambao watu wanne hupigana pamoja, na humo ukikosea shabaha unamwua rafiki yako mwenyewe. Katika huu wetu wa zamani, rafiki hafi kwa risasi ya rafiki.

Jambo la tatu ndilo lililonigusa zaidi. Katika sehemu ya tatu ya safari, askari hao hufika kwenye maporomoko makubwa ya maji, nao hupaswa kupanda juu kwa kuruka kutoka jiwe hadi jiwe. Kioo cha televisheni huwafuata kadiri wanavyopanda. Sasa, anayetangulia akipanda upesi mno, kioo humfuata yeye, na sehemu ya chini huachwa. Yule aliye nyuma, ambaye bado anatafuta pa kukanyaga, hujikuta hana jiwe tena chini yake, akaanguka na kufa. Adui hakumgusa, wala hakupigwa risasi. Ameuawa na haraka ya mwenzake. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mzito, nilikufa pale mara nyingi sana.

Tazameni jambo hili, ndugu zangu. Mtu aliyeutengeneza mchezo huu, kwa kukusudia au bila ya kukusudia, ameweka humo sheria mbili. Ya kwanza, risasi yako haiwezi kumwua mwenzako. Ya pili, mwendo wako unaweza. Nimehudhuria semina nyingi za malezi maishani mwangu, lakini sikumbuki kama niliwahi kuona somo hilo likifundishwa waziwazi hivyo.

Kufikia hapo nilikuwa nimeanza kugeuka. Nilijiambia kwamba mchezo huu ni mwalimu mzuri wa ushirika, na kwamba nitarudi kwa wazee na kusema hivyo. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, aliisuta elimu ya kikoloni kwa kuwazoeza watoto kushindana kila mtu kwa ajili ya nafsi yake. Nasi hapa Kyerwa na Karagwe tunaijua maana ya kwenda pamoja, maana kahawa yetu tumeiuza kwa miaka mingi kupitia vyama vya ushirika, na tumeona faida yake kila mtu anapongoja zamu yake, na hasara yake wachache wanapokimbilia kuuza kando, usiku, ng'ambo ya mto. Nilikuwa nimekwisha kuipanga hotuba yangu ya pili. Nadhani hata hiyo ingepigiwa makofi.

Lakini kabla sijaitoa, kaka yangu mkubwa alikuja kunitembelea.

Wazee wenzangu mnaijua historia, lakini vijana wengi wanaisikia kwa mbali tu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuingia katika mkoa wetu, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera ni yake. Siku chache baadaye daraja la Kyaka lilivunjwa. Watu waliuawa, mifugo iliswagwa, nyumba zilichomwa. Jeshi letu lilijenga daraja la muda, likavuka, likamfukuza adui, na vita vikaendelea, Kampala ikatekwa mwezi wa Aprili 1979 na Amin mwenyewe akakimbia. Mimi wakati huo nilikuwa mwanachuo wa miaka 19. Kaka yangu alikuwa miongoni mwa maelfu ya mgambo walioitwa kuongeza nguvu ya jeshi. Alipita Mutukula, akafika hadi Mbarara. Alirudi mzima wa mwili. Kwa muda wa miaka zaidi ya 40 hakupata kunisimulia habari za huko zaidi ya kusema kwamba kulikuwa na mvua.

Siku hiyo aliingia, akapokea shikamoo za watoto, akaketi kungoja chai. Watoto walikuwa wamefika kwenye maporomoko. Mjukuu wangu alikuwa na bunduki ya herufi S, akapanda upesi kwa furaha, na mwenzake akaanguka. Wote wawili wakacheka. Kaka yangu akauliza, "Huyu mwenzako amekwenda wapi?" Mtoto akajibu kwa furaha, "Amekufa babu, lakini anarudi sasa hivi. Bado ana maisha mawili." Na kweli, kabla hajamaliza kusema, yule askari akatokea tena kutoka juu, mzima kabisa.

Kaka yangu alikiweka kikombe chini, akachukua fimbo yake, akatoka nje. Nilimfuata. Tulikaa chini ya migomba kwa muda mrefu bila ya neno. Halafu akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Alisema kwamba katika mwendo wa kwenda Mbarara miguu yake ilivimba hata hakuweza kukaza kamba za viatu. Kikosi kilikuwa kinakwenda usiku, naye akawa anabaki nyuma. Kijana mmoja wa kusini, ambaye hawakuwa wamezoeana, alirudi nyuma akachukua mzigo wake, akaenda naye hatua kwa hatua mpaka alfajiri. Siku ya pili yake kombora liliangukia mahali walipokuwa wamepumzika, na yule kijana akafa. Kaka yangu akaniambia, "Mwalimu, mimi hata jina la kijiji chao silijui. Yeye hakurudi kutoka juu."

Makaburi ya wengi waliokufa katika vita vile yapo Kaboya, wilayani Muleba, nami nimekwisha kuyazuru pamoja na wanachuo. Lakini siku ile chini ya migomba nilielewa kwamba nilikuwa nimeyazuru kama mtu anavyosoma orodha.

Basi sasa nilikuwa na mambo mawili mkononi yasiyopatana. Nilikuwa nimeona mchezo unaofundisha kumngojea mwenzako. Tena nilikuwa nimeona mchezo huohuo ukimwumiza mtu aliyengojewa kweli. Nikaona kwamba sina budi kulifikiri jambo hili upya tangu mwanzo, bila ya hotuba.

Swali letu ni hili: je, ni halali mtu acheze jambo ambalo kulitenda kwa kweli ni uovu? Wapo wanaosema hapana kabisa. Nawaheshimu, lakini hoja yao ikifuatwa mpaka mwisho itatukamata sote. Sisi tulipokuwa watoto tulichonga bunduki za mgomba, tukapigana vichakani, tukafa na kufufuka mara mia kabla ya chakula cha jioni. Tukiketi kwenye bao tunakula kete za mwenzetu bila huruma. Hata katika igizo la Pasaka lazima mmoja awe askari wa Pilato, tena tunampongeza akiigiza vizuri. Kama kuiga uovu ni uovu, basi yule kijana wa kwaya aliyekuwa Yuda mwaka jana yamfaa aungame.

Wapo wengine wanaosema kwamba mchezo ni mchezo tu, haudhuru mtu. Na hao nao siwezi kuwafuata. Katika chuo tulikuwa tukiwafundisha wanachuo habari za Albert Bandura, mtaalamu wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, ambaye mwaka 1961 aliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akimpiga sanamu mkubwa aliyejazwa hewa. Watoto hao walipoachwa na sanamu huyo, wengi wao walimpiga vilevile, hata kwa maneno yaleyale waliyoyasikia. Ni kweli kwamba kumpiga sanamu si kumpiga mtu, na hilo wataalamu wengine wamelisema. Hata hivyo jaribio lile latuonya kwamba mtoto anayetazama si chombo kitupu kinachopitisha maji. Kitu fulani hubaki.

Swali basi ni kitu gani kinachobaki. Na hapa ipo habari moja iliyonisaidia sana. Mchezo huu wa Contra ulipopelekwa Ulaya mwaka 1990 kwa mashine za nyumbani, waliouuza waliogopa sheria za Ujerumani za kuwalinda vijana. Basi wakawaondoa watu, wakaweka mitambo ya chuma mahali pao, wakaupa jina jipya, Probotector. Askari wawili wakawa roboti wawili, na baadhi ya adui nao wakawa roboti. Lakini maporomoko yalibaki palepale, na herufi S ilibaki ileile.

Jiulizeni, je, mchezo ule uliponywa? Kwa upande mmoja naona kwamba ndiyo, kidogo. Mtoto wa Ulaya hakuzoea kuona sura ya mtu ikianguka na kutoweka. Hilo si dogo. Lakini mtoto aliyezoea kumwacha mwenzake chini ya maporomoko aliendelea kumwacha, awe ni mtu awe ni chuma. Na yule aliyejifunza kungoja aliendelea kungoja. Ndipo nikaona kwamba tulipokuwa tukitazama bunduki peke yake, tulitazama upande mmoja tu wa jambo. Watu wanaweza kuziondoa bunduki zote katika michezo ya watoto, wakaacha humo tamaa, kiburi na kutojali, na hakuna mzazi atakayelalamika.

Zaidi ya hayo, mchezo huu una uongo wake, na yafaa tuutaje. Uongo wa kwanza ni kwamba adui hana mama. Wale wanaoanguka hawana jina, wala hakuna anayewalilia. Uongo wa pili ni juu ya maisha. Mjukuu wangu alinionyesha siri moja ijulikanayo duniani kote. Kabla ya kuanza, ukibonyeza juu mara mbili, chini mara mbili, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kisha vitufe B na A, unaanza na maisha 30 badala ya 3. Siri hiyo iliwekwa kwanza katika mchezo mwingine wa kampuni ileile, Gradius, mwaka 1986, na fundi Kazuhisa Hashimoto, aliyefariki mwaka 2020. Aliiweka kwa sababu alipokuwa akiujaribu mchezo aliuona ni mgumu mno kwake, nayo ikabaki humo. Nilicheka niliposikia kwamba hata fundi alishindwa na kazi ya mikono yake.

Lakini niliona jambo. Watoto wakiwa na maisha 3, hungojeana pale kwenye maporomoko. Huulizana, "Upo tayari?" Wakiwa na maisha 30, hawangojeani tena. Kila mmoja hupanda apendavyo, na mwenzake akianguka husema, "Si bado anayo mengine?" Maisha yalipozidi, thamani ya mwenzake ilipungua. Nasi hapa mpakani tumewaona watu wa maisha mamoja. Mwaka 1994 tuliwaona ndugu zetu kutoka Rwanda wakiingia Ngara na Karagwe kwa maelfu, na hakuna hata mmoja miongoni mwa waliouawa kule aliyerudi kutoka juu. Mtoto asiyeambiwa hivyo na mtu mzima ataambiwa na nani? Kisanduku hakitamwambia.

Nikafikia kuona kwamba mchezo hauwi halali wala haramu kwa sura yake peke yake. Hata hivyo sikuwa nimemjibu kaka yangu. Hapo nilikumbuka shauri la Mtume Paulo kwa Wakorintho juu ya nyama iliyotolewa kwa sanamu. Wale walioila hawakuwa wamekosa kwa sababu ya nyama, na Paulo alikubali hivyo. Lakini alijali ndugu aliyeketi karibu, ambaye nyama hiyo ingemjeruhi. Kwa ajili ya huyo alikuwa tayari kuiacha kabisa. Naona kwamba ndilo jibu tunalolihitaji. Uhuru wangu wa kucheza ni wa kweli, nao huishia mahali lilipo jeraha la mwenzangu. Kupanda ni halali, lakini yupo mtu chini yangu.

Jioni ile nilimwita mjukuu wangu, nikamweleza kwa nini babu yake alitoka bila ya kumaliza chai. Sikumgombeza. Alinisikiliza, akanyamaza, kisha akaniuliza, "Yule kijana wa kusini alizikwa wapi?" Nikamwambia kwamba sijui, na kwamba babu yake naye hajui. Tangu siku hiyo sijamkataza mchezo wake. Lakini akisikia fimbo ya kaka yangu uani, yeye mwenyewe huchomoa waya kabla mzee hajafika mlangoni, na mtoto wa jirani hukunja mkeka. Kaka yangu hajapata kuupenda mchezo ule, wala sidhani kwamba ataupenda, wala si lazima. Ila mwezi uliopita mtoto alimwomba amwonyeshe katika ramani mahali alipopita mwaka 1979, naye akamwonyesha kwa kidole mpaka Mbarara.

Nilirudi mbele ya wazee wa kanisa, nikayaondoa maneno yangu ya Januari. Haikuwa rahisi kwa mtu wa umri wangu. Tulijadiliana sana, na yafuatayo ndiyo tuliyoyapendekeza kwa wazazi.

Kwanza, darasa la kipaimara lisifungwe mbele ya mtoto kwa sababu ya mchezo. Mtoto anayejifunza mabaya kibandani ndiye anayehitaji zaidi kufundishwa mema kanisani.

Pili, chenji ya unga ni jambo jingine. Huo ni wizi, nao ushughulikiwe kama wizi, hata kama fedha ingenunua mandazi. Tusichanganye makosa mawili ili moja lionekane kubwa.

Tatu, mwenye kibanda, ambaye ni kijana wetu na anajitafutia riziki, ameombwa asiwapokee watoto saa za shule wala saa za ibada, naye amekubali.

Nne, na hili ndilo gumu, mzazi aketi acheze japo mara moja. Mtaalamu mmoja wa Uswisi, Jean Piaget, katika kitabu chake cha mwaka 1932, aliandika jinsi alivyokaa na watoto waliokuwa wakicheza gololi, akawaomba wamfundishe sheria za mchezo wao. Kwa njia hiyo aligundua jinsi mtoto anavyokua kutoka kuogopa sheria mpaka kuielewa kuwa ni mapatano kati yake na wenzake. Asingejua hayo kwa kusimama mlangoni na fimbo.

Ukiisha kucheza, mzazi mwenzangu, muulize mwanao maswali matatu. Muulize, je, mwenzako yuko wapi sasa hivi? Muulize, huyo aliyeanguka, angekuwa mtu kweli, nani angemlilia? Na muulize, yupo mtu hapa nyumbani ambaye mchezo huu unamwumiza? Akiweza kuyajibu, mwache acheze mpaka zamu yake iishe. Asipoweza, usianze kwa kung'oa waya. Anza kwa kukaa naye.

Wapo wazee wawili ambao hawakukubaliana nasi, nao wamesema watawazuia watoto wao kabisa. Nawaheshimu, na huenda wao wanaona mbali kuliko mimi. Mmoja wao alizaliwa ng'ambo ya mto na alipoteza baba yake mwaka 1978. Sikuona vyema kubishana naye. Nyumbani kwake, na hata nikiwa barabarani pamoja naye, sitautaja mchezo huu.

Mimi bado hufa kwenye maporomoko. Macho yangu hayaoni upesi na vidole vimekuwa vizito. Lakini mjukuu wangu sasa anapofika juu husimama, haendi mbele, hutazama chini na kusema, "Polepole babu, nakungojea." Nami namwomba Mungu amjalie neno hilo lisiishie kwenye televisheni.

Wenu katika utumishi,
Mwalimu mstaafu, Bugomora